Maziwa ya Karani

Jumanne asubuhi, katika chumba cha ghorofa ya chini chenye mizani ya watoto, beseni la kunawia na kiti kifupi kisicho na mikono, daktari wa watoto alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya mwanamke aliyekuwa akijaribu kunyonyesha. Alizoea kufanya kazi hivyo kwa sababu ukisimama huoni kitu; mdomo wa mtoto anayenyonya unaonekana vizuri ukiwa chini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye magoti yaliyokwisha anza kulalamika, na wagonjwa wake walimwita Daktari Nyonyesha. Mwanzoni lilikuwa jina la kumchekea. Siku hizi hata akipiga simu maabara alijitaja hivyo mwenyewe, ili wamjue haraka.

"Mvute karibu," alimwambia yule mama. "Tumbo lake liguse tumbo lako. Usimpelekee titi, mlete yeye kwenye titi. Subiri apanue mdomo. Bado. Bado kidogo. Haya, sasa."

Mtoto akashika, akavuta, akaachia na kuanza kulia. Daktari aliliminya titi kwa vidole, taratibu, akingoja tone. Halikutoka. Akajaribu la pili, nalo likawa vivyo hivyo. Wiki iliyopita mama huyuhuyu alikuwa amejaa maziwa kiasi cha kushindwa kulala ubavu.

Alikuwa mshona kola katika kiwanda cha mashati kilicho mwisho wa barabara hiyo, na alikuwa amerudi kazini baada ya likizo ya uzazi kwisha. Wanawake wenye watoto wachanga walikuwa wengi pale kiwandani. Wote walikamua maziwa yao chooni, wamesimama, mgongo ukiegemea mlango usio na komeo, kisha wakayamwaga kwenye sinki kwa sababu hapakuwa na pa kuyaweka. Msimamizi wa zamu, waliyemwita Bwana Saa, alisimama nje ya choo akiangalia saa yake ya mkononi. Aliyekawia aligongewa. Titi la mtu anayegongewa mlango halitoi maziwa. Hilo Daktari Nyonyesha alikuwa amewaeleza watu wengi wenye vyeo, kwa sauti ya upole, miaka nenda miaka rudi.

Alikuwa akijiandaa kusema maneno yake ya kawaida, kwamba mama akipumzika na kumweka mtoto mara kwa mara maziwa hurudi, lakini mshona kola alimtangulia.

"Hayajakauka, Daktari. Yamehama. Yako kwa baba yake."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mwavuli wake uko kwa jirani. Akasimama na mtoto begani, akafungua mlango, akamwita mumewe aliyekuwa ameketi kwenye benchi la korido, koti limefungwa vifungo vyote na joto lote lile.

Daktari alimtambua mara moja. Alikuwa karani wa ofisi ya utumishi ya kiwanda kilekile. Mwanzoni mwa mwaka Daktari alikwenda huko kuomba chumba kimoja kidogo cha kukamulia maziwa: kiti, mlango wenye komeo, friji hata ikiwa ya mtumba. Karani huyu ndiye aliyempokea, akampa chai, akamweleza kwa adabu kwamba uongozi umelipokea ombi na kwamba kiwanda hakina nafasi. Alipokuwa akisema hayo alikuwa ameegemea mlango wa kioo wa chumba kilichojaa viti vibovu. Daktari aliviona vile viti, na karani alimwona akiviona.

Sasa alivua koti. Shati lake lilikuwa na madoa mawili ya majimaji, moja kila upande wa kifua. Daktari alinawa mikono akamuuliza tangu lini, kama ana homa, kama kuna mahali panapouma. Karani akajibu kwamba ni tangu Alhamisi, homa hana, ila mtoto akilia yanatoka yenyewe, na hata akilia mtoto wa jirani yanatoka. Daktari alimpima kifua. Hakuona uvimbe wala jipu. Yalikuwa maziwa mazuri, meupe yenye ubuluu kwa mbali, kama yalivyo yale yanayotangulia mtoto anapoanza kunyonya. Katika kazi yake alishaona watoto waliozaliwa na meno, na pacha aliyegoma kunyonya hadi mwenzake awekwe pembeni yake. Hili nalo liliingia humo.

"Kaa hapo," alisema, akapiga magoti tena.

Hakuwa na la kufundisha sana. Mtoto alipanua mdomo mwenyewe, akashika, akaanza kumeza kwa sauti, macho yamefumba. Alikuwa na njaa ya tangu alfajiri; siku hizo alikuwa akinyweshwa maziwa ya kopo. Daktari alikiinua kidogo kiwiko cha karani, akamwambia anywe maji ya kutosha na aache kuvaa mashati ya kubana. Kisha akamgeukia mama, akitafuta neno la kumfariji. Mshona kola hakuwa akilia. Alikuwa akifunga sidiria yake kwa hasira.

"Yangekaa kwangu yangefanya nini?" alisema. "Yamwagwe kwenye sinki? Yamekwenda kwa mtu anayeruhusiwa."

Daktari Nyonyesha alichukua kadi ya mtoto, akaandika kwamba ananyonya vizuri.

Nyumbani kwao mambo yalijipanga haraka. Mama mzazi wa karani, ambaye alimwambia mkwewe alipojifungua kwamba maziwa yake ni mepesi na kumwekea beseni la nguo mbele hata kitovu cha mtoto hakijadondoka, alikuja na sanduku lake siku hiyohiyo aliyopata habari za mwanawe. Akamkataza kunyanyua ndoo. Akampikia supu asubuhi na jioni, akamwekea mto mgongoni, akawaambia majirani wapunguze redio. Daktari alipopita kumwangalia mtoto, bibi huyo alimpokea mlangoni kwa kunong'ona.

"Mwanangu ananyonyesha," alisema. "Kunyonyesha ni kazi nzito, Daktari. Watu hawajui tu."

Nyuma yake mshona kola alikuwa akipita na ndoo mbili za maji. Alizitua, akamsalimia Daktari, akazinyanyua tena.

Kiwandani pia hakuna aliyepiga kelele. Mkurugenzi, mtu mpole mwenye mazoea ya kuwauliza wafanyakazi wake habari za nyumbani bila kusubiri jibu, alimwita karani ofisini na kumuuliza mtu katika hali yake anahitaji nini. Karani akayarudia maneno ya Daktari, neno kwa neno, kama alivyoyasikia siku ile ya chai: kiti, mlango wenye komeo, friji. Viti vibovu vilitolewa asubuhi moja. Kabla ya wiki kwisha chumba kilikuwa kimepakwa rangi, kimewekwa kiti cha kuegemea chenye pa kupumzishia miguu, friji mpya, pazia na sinki la maji ya moto. Mchana gari la ofisi lilimfuata mtoto nyumbani na kumleta kwa baba yake. Mlangoni pakabandikwa kibao: Chumba cha Mnyonyeshaji. Ufunguo alipewa karani.

Daktari Nyonyesha alialikwa kukata utepe. Alifikiria kutokwenda. Halafu akajiambia kwamba chumba ni chumba. Leo cha mmoja, kesho cha wote. Alivaa gauni lake la heshima akaenda. Walikuwapo wakuu wa idara na mpiga picha. Wanawake wa ukumbi wa kushonea hawakuitwa kwa sababu zamu ilikuwa ikiendelea, na mtetemo wa cherehani zao ulisikika sakafuni muda wote wa hotuba. Mkurugenzi alisema kiwanda ni familia. Alisema mfanyakazi mwenye maziwa amebeba uhai wa mtu mwingine na anastahili utulivu. Ilionekana wazi kwamba hakuwa akiigiza.

Daktari alikata utepe. Mkasi ukiwa bado mkononi, akauliza wanawake wataanza lini kukitumia chumba.

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa na mgeni njia ya mahali asikoweza kufika.

"Wale ni wengi, Daktari. Wakianza kupanda huku, nani atashona?"

"Wanaweza kupokezana."

"Halafu yao ni kawaida," Mkurugenzi aliendelea. "Mwanamke kuwa na maziwa ni jambo la kila siku. Hili la karani wetu ni hali maalumu. Hali maalumu inahitaji utaratibu."

Wakuu wa idara waliitikia kwa vichwa. Daktari aliuweka mkasi kwenye sinia, polepole, kwa sababu aliogopa kuutupa. Alishuka ngazi, akapita katikati ya ukumbi wa kushonea, na hakuweza kumtazama mwanamke hata mmoja usoni.

Ngazi hizo ndizo alizopitia dereva kila mchana akiwa na mtoto wa karani mikononi. Mtoto alipopita karibu na cherehani ya mama yake alisikia harufu yake akalia. Mshona kola hakuruhusiwa kuinuka, akaendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano. Lakini kilio cha mtoto mchanga hakichagui wa kumwita. Safu nzima ya wanawake wenye maziwa ililowa vifuani, na matone yakaangukia kola, mikono na mifuko ya mashati ya watu. Aliyechafua shati alikemewa na Bwana Saa mbele ya wenzake. Juu, kwenye kiti cha kuegemea, karani alikunjuliwa taulo safi.

Katika safu hiyo alikuwamo mshona vifungo, msichana mwembamba mwenye mtoto wa kwanza, mke wa mlinzi wa lango la kiwanda. Mtoto wake alishinda kwa jirani akinyweshwa maziwa ya kopo yaliyozimuliwa hadi yakafanana na maji ya kuoshea vyombo. Kila alipoletwa kliniki mizani ilisema kidogo zaidi. Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea, macho yamezama, na kilio chake kilikuwa kile kidogo cha mtoto aliyeanza kuacha kuomba. Daktari alikijua kilio hicho, na alikiogopa kuliko makelele.

"Anahitaji hayo unayomwaga," alimwambia mshona vifungo. "Hana ugonjwa mwingine. Ni hayo tu."

Msichana aliinamisha kichwa kama aliyekemewa, na Daktari akatamani maneno yake yarudi. Alikuwa amemwambia ukweli mtu pekee asiyeweza kuufanyia chochote. Lakini mshona kola alikuwapo, amemleta mwanawe kupimwa, mnene, mashavu yanang'aa. Alisikia. Jioni hiyo alimwomba mumewe ufunguo.

Karani aliutoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa kusikia sauti ikipanda, na sauti ya mkewe siku hiyo ilikuwa imepanda. Basi karani akienda kula, mshona vifungo alipanda juu, akajifungia, akakaa kwenye kiti, akakamua kwa raha zake, akaficha chupa ndani ya friji, kwa nyuma kabisa, mahali pa baridi zaidi. Jioni mumewe, yule mlinzi, alizitoa chupa kiwandani chini ya koti lake la kazi. Mtoto akaanza kurudi. Kwanza sauti, kisha mapaja. Daktari alitazama mizani, akamtazama mama, akaandika uzito. Alimbeba yule mtoto zaidi ya ilivyohitajika kumpima.

Aliyewagundua ni Bwana Saa. Alitambua kwamba kuna mwanamke mwenye mtoto mchanga ambaye siku hizi haendi chooni kabisa. Akamtafuta, akamkuta amejilaza kwenye kiti, miguu juu, amesinzia, chupa mbili zimejaa kando yake. Hakugombeza. Alizichukua chupa kuwa ushahidi, akaziweka mezani kwa Mkurugenzi, na pale zikakaa hadi maziwa yakaganda. Mshona vifungo aliachishwa kazi kwa kutumia mali iliyotengwa kwa mhusika.

Daktari Nyonyesha aliipata habari katikati ya mchana. Alitoka kliniki na koti lake jeupe, akaacha benchi limejaa, akatembea hadi kiwandani na kupanda ngazi bila kumsalimia mtu. Alimkuta karani chumbani ananyonyesha. Pazia lilikuwa limefungwa na feni ikizunguka taratibu.

"Ni wewe uliyempa ufunguo," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Umewaambia?"

"Waliniuliza kama niliuangusha mahali. Nikasema huenda niliuangusha."

"Na barua ya kumwachisha kazi?"

Karani alimhamisha mtoto upande wa pili, kwa ustadi, kama alivyofundishwa.

"Nilipiga mhuri. Ndiyo kazi yangu." Akamfuta mtoto kidevu. "Nilipokuwa nikipiga mhuri yalitoka. Yalitoka sana, yakalowesha meza nzima. Ikabidi barua ichapwe upya."

Daktari alisimama mbele yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka, na yeye mwenyewe hakujua umeinuka lini. Hakuwahi kumpiga mtu tangu utotoni. Katikati yao alikuwapo mtoto, ananyonya kwa pupa, na maziwa yalikuwa yakija kwa nguvu kuliko alivyoweza kuyameza. Akaanza kukohoa.

"Mwinue," Daktari alisema. "Atapaliwa. Mwinue kichwa, egemea nyuma." Na ule mkono uliokuwa umeinuka ndio uliomshika mtoto kisogoni hadi pumzi ilipotulia. Kisha akaondoka, kwa sababu benchi lilikuwa likimngoja na kwa sababu hapakuwa na lingine la kufanya.

Mshona kola hakumgombeza mumewe. Alipotoka kazini alimweka mtoto mapajani kwa baba yake akaenda kulala chumbani kwa mama mkwe. Tangu siku hiyo hakumwita tena baba mtoto. Alimwita Mnyonyeshaji, kama kilivyoandikwa kibao, na kwa sauti ileile ya kawaida: Mnyonyeshaji, chakula tayari, Mnyonyeshaji, mwanao amechafuka. Karani aliitikia. Mama mkwe alidhani ni jina la heshima, akaanza kulitumia na yeye.

Mshona vifungo, kwa upande wake, alikaa nyumbani na mwanawe, na kwa muda mfupi mambo yakawa kama Daktari alivyokuwa akiyataka kwa kila mtu. Mtoto alinyonya alipotaka. Alipata kidevu cha pili. Alijifunza kucheka na kuvuta nywele. Lakini mshahara wa mlinzi haukutosha watu watatu, na kiwanda kilipopata kazi kubwa ya mashati ya shule kiliita watu kwa wingi. Alikwenda akachukuliwa siku hiyohiyo, kwenye cherehani yake ileile, ila kama mgeni kazini, na mgeni hana haki ya kutoka kabla ya mapumziko ya mchana. Bwana Saa alimkaribisha vizuri.

Maziwa yake yalimwacha kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

Walikuja kliniki asubuhi, wote watatu. Mlinzi alikuwa jitu refu lenye mabega mapana, na sare yake ya kazi ilikuwa imelowa kifuani hadi kwenye mkanda. Aliketi kwenye kiti kile kifupi, magoti yakafika karibu na kidevu, akaomba radhi kwa kuchafua. Daktari alimwambia hakuna ubaya. Akamwonyesha namna ya kumshika mtoto, namna ya kungoja mdomo upanuke, namna ya kusikiliza kama anameza. Aliyafundisha yote, hakuruka hata moja, na alifundisha vizuri, ingawa hasira ilimlazimisha kutoa neno moja moja. Mtoto hakuwa na kosa. Mtoto alikuwa na njaa.

Mshona vifungo alikuwa bado amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Yeye amepewa mapumziko mpaka atakapozoea," alisema. "Na juu wanaongeza kiti cha pili. Mkurugenzi alikuja mwenyewe langoni kumpa mkono."

"Na wewe?" aliuliza Daktari.

"Mimi nimeruhusiwa kuwaleta tu."

Alisubiri hadi aliposikia mtoto anameza. Alimgusa unyayo kwa kidole kimoja, kisha akageuka, na Daktari akasikia viatu vyake vikianza kukimbia kabla hata havijafika barabarani.

Mlinzi alitazama chini. Akauliza kwa sauti ndogo, kubwa kiasi tu cha kusikika, kama maziwa haya ni mazuri kweli.

"Ni mazuri," Daktari Nyonyesha alisema. "Ni ya mke wako."

Alinawa mikono kwa muda mrefu, akafungua mlango kumwita anayefuata. Benchi la korido lilikuwa limejaa wanaume: dereva wa gari la ofisi, fundi wa cherehani, wapakiaji wawili, na kijana wa stoo ambaye mkewe alijifungua mwezi uleule. Kila mmoja alikuwa na kitambaa kilicholowa kifuani. Wake zao walikuwa wamesimama ukutani, watoto mikononi, wote wamevaa aproni za kiwanda. Daktari aliwaambia wanaume wasimame wawapishe wanawake wakae.

Walisimama wote, bila ubishi. Hakuna mwanamke aliyekaa. Kila mmoja alimkabidhi mumewe mtoto, akaaga, akatoka nje kwa haraka, kwa sababu zamu ilikuwa inaanza.